Mbegu Ulizonitumia Zimeota

Tosamaganga,
Iringa.
20 Januari 1957.

Mpendwa mwanangu Ikupa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe na mumeo Asukile pamoja na watoto. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba kile kikohozi cha mtoto mdogo kimepungua. Mfunike kifua jioni. Baridi ya Mbalizi naikumbuka. Mimi nipo. Magoti yanakataa kupanda mlima na jicho la kushoto limeacha kazi, lakini la kulia bado linasoma, na uji wangu wa asubuhi naupika mwenyewe.

Huku mvua haipumziki. Barabara ya kwenda mjini ilikatika, na barua yako ya Krismasi ilikaa posta hata karatasi ikalowa pembeni. Niliisoma yote. Nimefurahi kusikia kwamba shemeji yangu Lea amepona mguu na anaweza tena kutembea mpaka kanisani.

Umeniuliza mara mbili habari za mbegu nami nimekaa kimya. Sikusahau, mwanangu. Nilikuwa nangoja nipate la kukwambia, na sasa ninalo, ingawa silo ulilolitaka wewe wala nililolitaka mimi.

Ngoja nianze mbali kidogo. Wewe ulikuwa hujazaliwa tulipohamishwa kijijini kwetu huko Mbalizi ili setla, yule mkulima wa Kizungu, apewe shamba. Nyumba zilibomolewa na miti ikang'olewa. Kaburi la mke wangu Yudith halikuwa na jiwe, lilikuwa na msalaba wa mti tu, na mti hauvumilii mchwa. Baba yako Yotamu, mdogo wangu, aliyejua kila kona ya pale, ametangulia, na majirani wetu wametawanyika. Nilipokuja mwenyewe mara ile ya mwisho nilisimama kwenye mahindi nisijue nielekee wapi. Hata mfereji walikuwa wameuhamisha.

Ndipo nikakuandikia kwamba kaburi liko nyuma ya jalala letu, na jalala utalijua kwa maboga. Kwenye mahame ya kwetu maboga hujiotea kila mwaka, hata watu wakishasahau nani alikaa pale, na yale ya Yudith yalikuwa ya kung'ang'ania. Lilikuwa shauri la mzee asiye na shauri jingine.

Ukaenda wakati wa mavuno, ukayakuta maboga yamejiotea kwenye udongo mweusi wa jalala. Jailos, nyapara wa shamba, akakubali kuomba kipande kidogo kisilimwe, nanyi mkamwonyesha mahali. Asukile akajenga wigo, mkapanga mawe, Lea akapanda maua. Novemba trekta likaja, likalima kote, likauzunguka wigo wenu. Uliniandikia hayo kwa furaha, nami nikatembea nyumba kwa nyumba nikiwaambia watu hapa kwamba sasa najua nitakapolala.

Zile mbegu ulizonifungia kitambaani, kutoka kwenye boga kubwa lenye michirizi, nilizitazama sana. Zilikuwa nyeupe na laini, na ukingo wake rangi ileile. Za Yudith, kadiri ninavyokumbuka, zilikuwa na ukingo wa rangi ya chai, umekwaruzika kama karatasi iliyochanwa kwa mkono. Nikajiambia jicho moja haliwezi kuamua jambo kama hili. Mvua zilipoanza nikazipanda kwenye makopo ya maziwa niliyoyatoboa chini, kila mbegu nikiilaza ubavu, udongo juu yake unene wa kidole.

Zikaota zote. Mche ukitoka udongoni huwezi kujua ni wa nini. Yale majani mawili ya kwanza, manene kama midomo, ni yaleyale kwa boga na kwa mumunye, na hata kwa tango, ila ya tango ni madogo zaidi. Hayo ndiyo yalikuwa majuma yangu mazuri. Nilikuwa nikiamka nakwenda kwenye makopo kabla ya kunawa uso, nasema haya ni yake.

Jani la tatu ndilo linaloanza kusema ukweli. Jani la boga la Yudith ni laini ukilishika, kijani kizito, na kando ya mishipa lina madoa meupe, kama mtu aliyekung'uta vidole vyenye unga. Haya yalitoka yakikwaruza ngozi, kingo zimekatwakatwa kama msumeno, bila doa hata moja. Nikangoja la nne. Nikasema labda udongo wa huku unachelewesha madoa. Nikahamishia miche bustanini na kuiwekea samadi, kisha nikangoja itambae. Boga la kwetu halikai. Likipata nguvu kidogo linatoa vikono vya kujishikia na kuondoka zake. Haya hayakutoa kikono wala hayakuondoka. Yalinenepa palepale, majani yamesimama kama miavuli.

Jirani yangu Rozalia, Mhehe asiyewaonea huruma watu wa Mbeya, alisimama njiani na kikapu chake akaanza kucheka.

"Babu, boga lako hili ni bwana shauri wa boma? Mbona limekaa kitako linangoja kuletewa?"

Nikamwambia lina adabu, halitembei ovyo kwenye nyumba za watu kama maboga ya Kihehe.

"Haya, likizaa uniite," akasema. "Nataka kumwona mtoto kama amevaa viatu."

Likazaa. Mtoto alikuwa mrefu, mwembamba, wa kijani chenye michirizi. Rozalia alimtazama, akanitazama mimi, naye hakutania tena. Hapo hapakuwa na cha kungoja. Ni mumunye la Kizungu, lile ambalo masista hapa hulilima bustanini kwao. Huchumwa likiwa changa, lakini likisahauliwa kwenye shina linakua na kukomaa hata mtu yeyote angeliita boga.

Sasa naelewa. Mlilolipata ni jalala kweli, ila ni la jiko la setla, ambako mpishi wake humwaga maganda na mbegu. Nilikufundisha utafute kinachojiotea. Sikufikiri kwamba Wazungu nao wamekwisha kukaa pale miaka ya kutosha mbegu zao zijiotee.

Usijilaumu. Ungejuaje? Mimi niliyeyala maboga ya Yudith nilizipokea mbegu hizi kwa mikono miwili na kuzimwagilia kwa majuma.

Maana yake unaiona bila mimi kuiandika, lakini nitaiandika ili tusiizunguke. Ndani ya wigo ule hamna mtu. Na pale alipo Yudith, popote palipo, trekta limepita juu yake.

Nimefikiri kama tumrudie Jailos. Atasema tulichagua na kumwonyesha wenyewe, naye atakuwa hajakosea. Hata kama angetupa kipande kingine, mwanangu, tungenyoosha kidole wapi?

Kwa hiyo mwambie Asukile asihangaike na habari ya gari la kuchukua mwili wangu siku ikifika. Nilitaka kulala karibu na mke wangu. Sikutaka kulala karibu na jiko la mtu. Nimezungumza na wazee wa kanisa letu mjini Iringa nao wamenipa nafasi. Ni mahali pasafi. Simjui hata mmoja wa waliolala pale.

Lea usimwambie. Dada yake alipozikwa yeye alikuwa ameolewa Ubaruku, maji yalifunga njia, na hakuliona kaburi hata mara moja. Sasa ana mahali pa kwenda Jumapili baada ya ibada. Akipalilia maua yake, mchotee maji. Mawe yaacheni yalivyo.

Mamumunye yenyewe nimeyala. Rozalia aliyapika kwa karanga akaniletea bakuli, tukala. Ni matamu. Hayana kosa lolote.

Limebaki jambo moja, nalo nalisema bila kulitegemea. Wanaopalilia shamba la setla ni wanawake wa kwetu, na tangu nizaliwe sijamwona mwanamke wa kwetu akikata mche wa boga kwa jembe, hata nyapara apige kelele namna gani. Huuzunguka, kwa ajili ya mboga ya jioni. Huenda la Yudith nalo limeachwa hivyo kati ya mahindi. Lakini trekta halizunguki, na mbegu iliyofukiwa kina kile kwa kawaida huoza. Hata zamani nilipopita pale sikuona kitu. Najua hesabu hii inakwenda wapi.

Ndani ya bahasha utakuta jani nililolikausha katikati ya kitabu. Nimeliomba shambani kwa Rozalia, maana maboga yake ni ya jinsi ileile ya Yudith. Rangi imekwisha, ila ukiliinua kwenye mwanga utayaona madoa kando ya mishipa. Ukiwa na njia ya kupita kwenye yale mahindi, pita nalo. Na ikiwa utakuta linalofanana nalo limechomoza, usiling'oe, usinitumie mbegu, wala usiniandikie. Sina nguvu za kuanza tena kungoja. Keti hapo kidogo tu, umwambie kwamba Fanueli alimtafuta.

Nisalimie Asukile na umshukuru kwa wigo. Aliujenga vizuri, nasikia ng'ombe hawapiti. Msalimie Lea, umwambie shemeji yake anafurahi kwa ajili ya mguu wake. Wabusu watoto, hasa huyo mwenye kikohozi. Rozalia anakusalimu ingawa hamjaonana. Mungu awalinde katika mvua hizi, awape chakula cha kutosha na usingizi mwema, na nyumba mnayoikaa isiguswe na mtu.

Ni mimi baba yako mkubwa, ninayekupenda siku zote,

Fanueli