Nimeshtakiwa kwa Kubana Pua

Shangazi Phikul, nisaidie kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi natakiwa nikapige magoti mbele ya bwawa la maji machafu na shada la maua mkononi, na mimi si mwendawazimu, ni muuza samaki wa kuvundika hapa Isan, kaskazini-mashariki mwa Thailand, naitwa Khamphong, mtungi wangu unajulikana vijiji vitatu.

Ilikuwa hivi, kiwanda cha wanga wa muhogo kilituita mkutanoni tutoe maoni juu ya bwawa la pili wanalotaka kuchimba juu ya kijito chetu, hicho hicho ninachovulia samaki, na msemaji wao akasema, "Mama zangu, baba zangu, harufu gani mnayolalamikia? Mbona mimi siisikii!" Nami nikabana pua tu, watu wakacheka, mtu akarekodi, video ikazagaa, na sasa kiwanda chenyewe kimenifungulia kesi ya jinai mahakamani kwa kukichafulia jina, hati inasema nilibana pua "sekunde kumi na moja, kwa dharau, kwa vidole viwili," na kesi iko kule kusini, siku nzima na zaidi kwa basi, ati kwa sababu mkurugenzi aliiona video akiwa huko mapumzikoni.

Mume wangu Thongdam anataka kutoa ushahidi kwamba nilikuwa najiandaa kumbusu yeye, si unajua sisi kubusu ni kunusa shavu, nikamwambia, "We mzee, mtu anabusu amebana pua?" Akanijibu, "Mimi si ndivyo unavyonibusu siku zote!"

Sasa wakili wao ameleta karatasi, nikisaini kesi inafutwa, sharti Alhamisi nikaliombe radhi bwawa lao kwa magoti na maua, nivute harufu yake mara tatu nikitabasamu mbele ya kamera, na nisihudhurie mkutano wa pili mwezi ujao. Thongdam ananibembeleza, "Nusa tu, mama, pumzi tatu, yaishe." Naona haya kusema, Shangazi, maua nimeshanunua na mazoezi nimeanza, nafunua mtungi wangu, navuta, natabasamu, lakini juzi nilijaribu bwawani kwenyewe nikatapikia kandambili zangu. Jela naiogopa, na kijito kikifa mimi nimenyamaza sitajisamehe. Nifanyeje?

Khamphong

SHANGAZI PHIKUL ANAJIBU

Khamphong, pole sana. Sasa acha hayo mazoezi mara moja! Mtu mzima unajifundisha kutabasamu mbele ya uvundo, huoni aibu? Wewe unayeishi na samaki waliovunda mwaka mzima, ukibana pua, hakimu anahitaji mtaalamu gani mwingine?

Hiyo karatasi umeisoma, au umeilia tu? Isome tena, pale pa mkutano wa pili. Aliyechafuliwa jina hutaka asafishwe jina. Hawa wanataka usifike mkutanoni, na wamekuandikia wenyewe, tena kwa mhuri! Sheria yetu ya mwenendo wa kesi za jinai ina kifungu kinachomruhusu hakimu kuitupa kesi iliyofunguliwa na mlalamikaji mwenyewe, si na serikali, akiona ameifungua kwa nia mbaya ili kumsumbua mwenzake. Hakimu anaweza asikione usipokitaja, kwa hiyo kitaje.

Usisaini. Jumatatu asubuhi, si Alhamisi, peleka karatasi hiyo na video nzima kwa mawakili wa msaada wa kisheria hapo mkoani, waombe kesi ifutwe. Siwezi kukuahidi kwamba hakimu atakubali, wako wanaosita. Ndiyo maana ukiitwa kusini, nenda, usikose tarehe hata moja, wasije wakapata sababu ya kukukamata. Na Thongdam asithubutu kusimama kizimbani na hadithi yake ya busu, mtafungwa nyote wawili kwa uongo.

Maua usiyatupe. Mvishe huyo mzee wako shingoni, umnuse shavu vizuri, vidole mbali na pua, maskini amengoja sana. Kisha nenda naye kwenye mkutano wa pili, mkakae mbele, na pita nyumba kwa nyumba uwaambie na majirani waje. Msemaji akiuliza tena habari ya harufu, baneni pua kijiji kizima, tuone kusini watawapeleka kwa mabasi mangapi.