Ndoo ya Maji Meusi Kwenye Sherehe ya Miti

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Mama Breki, kama anavyofahamika kazini na mtaani. Mwanamke, miaka 43. Fundi wa breki, kampuni ya mabasi ya safari ndefu. Anaishi nyumba zilizo nyuma ya karakana ya kampuni, chumba cha tatu.

Anaeleza kama ifuatavyo:

Kazi hii nimeifanya miaka kumi na sita. Aliyenilea ni baba yangu mdogo, kwani baba mzazi alifariki nikiwa mdogo. Baba mdogo alikuwa na bustani ya mboga kando ya kijito kinachopita chini ya karakana. Tangu mwanzo wa mwaka mboga zilikuwa zinanyauka na maji yananuka oili. Wajukuu zake wakatoka vipele mwili mzima.

Mnamo Alhamisi tarehe 12, saa kumi na mbili jioni, alikuja kwangu akaniuliza kama najua oili inatoka wapi. Nilimjibu. Akasema, "Sawa mwanangu. Jumamosi nitakuja kwenye sherehe yenu."

Jumamosi tarehe 14 kampuni ilifanya sherehe ya mazingira ndani ya yadi. Yaliletwa mahema, spika na miche mia mbili. Mabasi mawili mapya yalipakwa rangi ya kijani yakaandikwa "Tunaitunza Dunia". Sisi mafundi tulipewa fulana nyeupe tukaambiwa tusiguse grisi.

Saa nne na robo mgeni rasmi alimaliza kupanda mti wa kwanza. Baba mdogo akapita katikati ya viti akiwa na ndoo, akaiweka miguuni pa mgeni rasmi. Maji yalikuwa meusi tii. Alisema kwa adabu, "Mheshimiwa, mikono yako ina udongo. Nawa. Ndiyo maji tunayooga sisi."

Mgeni rasmi hakunyoosha mkono. Watu wengine walicheka, wakadhani ni igizo.

Meneja wa karakana, tunayemwita Kifaru, alimshika baba mdogo shingoni. Walinzi wawili wakamshika mikono. Ndoo ilipinduka, maji yakawarukia waliokaa mbele. Walimburuta hadi nyuma ya basi la kijani, karibu na shimo la kukagulia magari. Mshereheshaji akaambiwa aongeze muziki. Niliwafuata.

Kifaru alichukua spana ya magurudumu. Aliuliza, "Nani amekutuma? Nani wa humu ndani kakwambia?"

Baba mdogo akasema, "Nimejituma."

Kifaru alimpiga goti la kulia. Nilisikia mfupa, pamoja na muziki wote ule. Akauliza tena. Baba mdogo alikuwa ameshaniona nimesimama penye tairi la nyuma. Alinitazama kisha akageuza uso, akasema tena, "Nimejituma." Spana ikampata kwenye taya. Meno yalidondoka kwenye sakafu ya saruji. Mlinzi mmoja alisema, "Bosi, basi, huyu ni mtu mzima." Kifaru akampiga mara ya tatu, kichwani juu ya sikio. Walinzi wakamwachia, akaanguka kama gunia.

Nilimwita, "Baba!" Hakuitika. Damu ilikuwa inamtoka sikioni. Nilivua fulana yangu nikamfunga nayo kichwa, nikabaki na kamisi mbele ya wanaume wale, na sikuona aibu.

Gari la wagonjwa lilifika saa tano na dakika kumi. Alifariki Jumatatu tarehe 16, saa tisa mchana, bila kusema neno. Nilikuwa nimemshika mkono.

Nimeulizwa na afande kuhusu Kifaru kuokotwa shimoni akiwa amevunjika mguu na mfupa wa bega. Nimeambiwa walinzi wote wawili wameandikisha kwamba aliteleza kwenye oili, na kwamba naweza kwenda nyumbani.

Hakuteleza. Alipoinua spana mara ya nne, baba mdogo akiwa chini, nilichukua mpini wa jeki nikampiga begani kwa nguvu zangu zote. Alipogeuka nilimpiga tena, akatumbukia. Ningempiga na ya tatu kama angekuwa karibu.

Nimeulizwa pia aliyekuwa anamwaga oili kijitoni. Gari la kuchukua oili chafu liliacha kuja mwezi wa kwanza. Kifaru akaamuru pipa la oili hiyo liunganishwe na bomba la maji ya mvua linaloishia kijitoni. Kila Jumatano saa saba, wenzangu wakienda kula, koki niliifungua mimi. Nilijua bustani ya nani iko chini. Nilijiambia maji yanatembea, oili itapita. Baba mdogo aliponiuliza ile Alhamisi, nilimwambia hivihivi, kwamba ni mkono wangu. Kwa hiyo alipoulizwa jina, alikuwa nalo.

Niliyoyaona na niliyoyatenda ni hayo. Nimesomewa, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (dole gumba; mkono wa kulia una bandeji)

Maoni ya ofisa: Shahidi aliposema "hakuteleza" niliweka kalamu chini, nikamwonya kuwa halazimiki kusema lolote, na kwamba nikiliandika litatumika dhidi yake mahakamani. Nilimpa nafasi ya kupumzika na maji ya kunywa. Hakuyagusa. Alisema, "Afande, yeye alivunjwa taya kwa kunificha. Andika." Nikaandika.