Kamera Mpya Usiitume

Chumba cha nyuma, Studio,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa kaka,

Salamu zangu zikukute umekaa, viatu umevua, na mawazo ya kazi umeyaacha huko huko kazini. Kiuno kinaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema kimekukamata ukiwa umeinama juu ya mota ya lifti, wenzako wakakuinua kama gunia. Endelea kukichua, na acha kubeba vitu vizito kwa kutafuta sifa. Wifi yangu hajambo? Na wale watoto, bado wanagombania kitanda cha juu? Waambie shangazi yao anawakumbuka.

Sisi huku tunaendelea. Mama ni mzima, anashinda na kuku wake, na siku hizi ana ugomvi usioisha na jogoo. Anasema jogoo yule ana dharau. Nimeshindwa kuwapatanisha.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu hapa nyumbani huwekwa kwenye spika, na baba hukaa karibu nayo kuliko mtu mwingine yeyote. Masikio yake yamekuwa makali mno. Ninayokuandikia hapa sitaki ayasikie, kwa hiyo imebidi nishike kalamu.

Ni kuhusu kamera uliyomnunulia. Asante sana, kaka, najua umejinyima. Lakini naomba usiitume. Yule rafiki yako anayekuja huku mwezi ujao mwambie mzigo umeahirishwa.

Picha za wahitimu wa chuo cha wauguzi zilirudishwa zote. Mkuu wa chuo alikuja mwenyewe, akazipanga juu ya kaunta bila maneno mengi. Nyuso zilikuwa zimejaa chengachenga, na kwenye pazia jeusi la nyuma ilipita michirizi, mistari mistari ya kulala, toka upande huu hadi ule. Akasema kwa heshima ya baba wanatupa nafasi ya kuwapiga upya, Alhamisi hii. Zikitoka hivyo tena, watatafuta mpiga picha mwingine. Unajua mwenyewe kwamba bila chuo kile tunabaki na picha za pasipoti, na hizo siku hizi watu wanajipigia ukutani kwao.

Ulipopiga simu ukasema sensa, kile kidude cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, imezeeka, baba alifurahi kweli kweli. Alirudia neno hilo kwa kila mteja. Hata fundi cherehani wa mlango wa pili sasa anajua sensa ni nini, na anadhani cherehani yake nayo inayo.

Sasa wewe ni fundi lifti, unajua kupanda na kushuka tu, kwa hiyo nivumilie nikueleze. Kamera haina ugonjwa. Picha zile baba alizipiga zikiwa na giza, mwanga ulioingia haukutosha. Zikija kwangu kwenye kompyuta nazipandisha mwanga ili nyuso zionekane, na hapo ndipo chenga na michirizi vinapotokea. Ni kama redio iliyoshika stesheni kwa mbali: ukiongeza sauti, na mkwaruzo nao unaongezeka. Nilimwambia baba mapema, akanijibu ndivyo kamera ilivyo, imechoka.

Basi siku moja alipokwenda kunyoa, nilichukua kamera ile ile, lenzi ile ile, nikamkalisha mama kwenye kiti cha wateja, mbele ya pazia lile lile. Sikutazama picha kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Nilitazama ile grafu ndogo inayoonyesha mwanga ulioingia, nikaongeza mpaka vilima vyake vikatoka pembeni kwenye giza na kusogea katikati, bila kuunguza weupe wa kitambaa chake kwa mwanga kuzidi. Picha ilitoka safi. Hata ukiikuza, pazia ni jeusi tulivu. Mama akasema nimemzeesha.

Ndipo nikaanza kupekua mipangilio, nikakuta mwanga wa kioo cha nyuma umepandishwa mpaka mwisho. Baba ameupandisha mwenyewe ili aweze kuona. Na kwa kuwa kioo kinawaka hivyo, picha yenye giza kwake inaonekana ina mwanga mzuri tu. Halafu ukikumbuka anavyoogopa kuunguza nguo nyeupe, na wauguzi wote wamevaa nyeupe, anapunguza zaidi. Miaka yote tuliyomjua akipima mwanga kwa jicho, hakuwahi kukosea. Hata sasa hakukosea, alipima kwa jicho lile lile.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho. Hakubisha, na hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Tulidhani ni mtoto wa jicho, angefanyiwa upasuaji yakaisha. Sivyo. Ni presha ya macho, na ya siku nyingi. Daktari alituambia wote wawili, taratibu, kwamba kilichopotea hakirudi, na matone aliyompa ni ya kulinda kilichobaki. Baba akauliza kimebaki kiasi gani. Daktari akasema kidogo.

Baba akashukuru, akavaa kofia yake. Kwenye ngazi alinishika bega, na njia nzima akazungumzia jinsi kamera za siku hizi zisivyodumu. Tulipofika mlangoni akaniambia, "Mama yako mwambie macho yamechoka tu, nimepewa dawa." Nikamwambia mama hivyo hivyo.

Utaniuliza najisikiaje. Sijisikii, kaka. Nilidhani nitalia nikifika chumbani, nikakaa kitandani nikingoja, hakuna kilichokuja. Nikaenda nikapika, nikaosha vyombo, nikakata picha za pasipoti za mtu na mke wake. Nimekufa ganzi. Mama ananiambia nimekuwa mpole siku hizi, anafikiri nimepata mchumba. Ningecheka, lakini hata kicheko sijui kilipo.

Nikajiambia angalau la kioo linarekebishika. Ijumaa, kabla hajaja kazini, nilishusha mwanga wa kioo mpaka katikati, panapotakiwa. Nilifikiri akiona picha ilivyo na giza ataongeza mwenyewe, na siku ya wauguzi itapita salama, bila mtu kumwambia mtu neno. Nikamkabidhi kamera tuijaribu. Dirisha lilikuwa wazi, taa zote zinawaka, na pale kwenye kioo kiti kilikuwa kinaonekana vizuri kabisa, na pazia, na mimi mwenyewe nimesimama.

Akaigeuza geuza. Akaisogeza karibu na pua. Akaniambia, "Mwanangu, mbona hujaiwasha?"

Nikamwambia betri imeisha. Nikaichukua, nikampa mgongo, nikapandisha mwanga wa kioo mpaka mwisho kama ulivyokuwa, nikafungua na kufunga mlango wa betri ili asikie, nikamrudishia. Uso wake ukachangamka. Akasema, "Unaona sasa? Hata betri haikai. Nimewaambia kamera hii imekwisha." Nikasema ndiyo, baba.

Kwa hiyo Alhamisi nitapanga mwanga mimi, nitaufunga kabisa usibadilike hata akizungusha, na kazi yake itakuwa kuwaweka watu sawa na kubonyeza. Hilo bado hakuna anayemshinda. Anasikia kwenye sauti ya mtu kwamba mabega yamekaza, anamtania mpaka yanashuka. Kamera yenyewe inautafuta uso na kuulenga. Chuo kitapata picha zake.

Ila hiyo mpya, kaka, ibaki kwako. Najua nia yako, na najua utaona kama nakataa zawadi ya mzee. Lakini fikiria siku atakayoifungua. Ataishika, haina mkwaruzo, sensa haijazeeka, betri mpya, na bado haoni. Atamlaumu nani? Hii ya zamani ndiyo inayombebea lawama. Akipiga simu kukuuliza imefikia wapi, na atapiga, na mimi nitakuwa nimesimama pale kando ya spika, mwambie bado unaitafuta. Mwambie hivyo kila mara, mpaka siku atakayoacha kuuliza.

Mama anakusalimu, anasema ukija uje na subira maana jogoo hachagui mgeni. Shangazi anayekaa ng'ambo ya barabara anauliza kama bado unakoroma. Nisalimie wifi na watoto, mmoja mmoja. Baba anakusalimu sana. Ameniambia nikiongea nawe nikukumbushe usinunue yenye mkanda mfupi.

Mungu akulinde huko juu ya mashimo ya lifti, na atupe sote nguvu ya kunyamaza panapostahili.

Wako akupendaye,
Mdogo wako wa studio.