Jina Nililolifuta Kwenye Mtungi

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Daktari hakuzungusha maneno. Figo zimechoka, na moyo unazifuata. Wakati akisema, Dorothy alikuwa anaangalia dirisha. Tuliporudi Shinyalu alinipikia uji wa wimbi akasimama hapo mpaka nikaumaliza. Binti yangu huyu alihama Eldoret ili anishike mkono hadi chooni. Hajui anamshika nani.

Jioni Tracy alipiga simu kutoka chuoni. Ndiye anayelitunza ghala siku hizi. Ijumaa ya wiki ijayo watabandika kibao mlangoni: Ghala la Programu Huria la Profesa Shikanga. "Prof, hata kama ni kubebwa, utabebwa." Nikasema nitajaribu.

Jumatano, 12 Novemba

Mwaka 2009 laini ya mtandao ya chuo kizima ilikuwa nyembamba kama mrija. Wanafunzi arobaini wakitaka kuweka programu moja kwenye kompyuta za maabara, siku iliisha na kumi tu ndio wamefaulu. Ndipo tukajenga ghala. Programu huria zote tunazohitaji zinakaa hapa kwetu, kwenye mashine moja, na kila kompyuta ya chuo inachota humo.

Nimeandika "tukajenga". Mkono umezoea.

Alijenga Navalayo. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mtu wa Navakholo. Alikwenda Nairobi na diski tupu, akarudi nayo imejaa, imefungwa leso katikati ya nguo zake. Kisha akaandika Mtungi, programu inayolijaza ghala wakati laini haina watu. Laini ikikatika, Mtungi unakumbuka ulipofika, ikirudi, unaendelea. Miaka kumi na sita, bado unafanya kazi.

Mimi niliandika barua za kuomba chumba.

Alhamisi, 13 Novemba

Jana niliishia mlangoni. Leo niingie.

Programu huria ina sharti dogo. Chukua, badilisha, gawa utakavyo — ila usifute jina la aliyeiandika. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua hilo. Mimi ndiye niliyewafundisha.

Mwaka 2011 nilikuwa naomba uprofesa. Nikafungua faili la watunzi wa Mtungi, nikafuta Navalayo, nikaandika Shikanga. Dakika moja haikuisha.

Mwaka uliofuata aliomba kazi ya kutunza ghala. Nilikuwa kwenye jopo. Mwenyekiti akamuuliza amewahi kujenga nini. Akasema, Mtungi. Wakafungua faili. Mwenyekiti akacheka: "Binti, hata jina la mwalimu wako unalitaka?" Wengine wakacheka naye. Mimi nilikunywa chai.

Alinisubiri kwenye korido. Nikamwambia programu huria ni ya watu wote, jina la nini? Akasema, "Basi mbona lako liko?"

Nasikia anatengeneza simu sokoni Shianda.

Jumamosi, 15 Novemba

Tracy alikuja. Dorothy akachinja ingokho, kuku wa mgeni; nilikula kipande kimoja kwa heshima.

Shida ni muhuri. Kila kinachoingia ghalani hutiwa muhuri wa kielektroniki, na kompyuta za chuo hazipokei kitu kisicho nao. Ufunguo wa kutia muhuri uko kwenye laptopu yangu ya zamani peke yake. Muda wake unakwisha Jumatano. Kuuongeza kunataka nywila. Tukishindwa, Tracy atazunguka mashine mia nne, moja moja, kuweka ufunguo mpya, na mitihani imefika.

Nilimwambia aniache kwanza peke yangu. Nilitaka kurudisha jina la Navalayo kimyakimya, nitie muhuri, kisha niongeze muda. Tracy angeyaona mabadiliko nikiwa nimeshazikwa. Hivyo ndivyo nilivyopanga, kusema kweli. Kutubu bila kuangaliwa usoni.

Nywila ni sentensi. Aliitunga Navalayo siku tulipowasha mashine, nami sikuibadilisha kamwe. Maji ya Isiukhu hayaulizi — kitu fulani — ni cha nani. Hicho kitu! Lilikuwa neno la kwao, la nyanya yake, chombo cha kuchotea maji. Sisi Waisukha tuna letu, wao wana lao. Nimejaribu letu. Nimejaribu mtungi, kibuyu, ndoo, debe. Yote yamekataliwa. Zamani vidole vilijua vyenyewe.

Nikawasikia jikoni. Dorothy: "Baba anajua majina ya ng'ombe wote wa babu yake, neno moja ndio limemshinda?" Tracy: "Mwambie ni ng'ombe, litakuja."

Walicheka. Nami nilicheka, kisha nikakaa muda mrefu na mto usoni.

Jumapili, 16 Novemba

Dorothy alipokwenda kanisani nilipiga simu.

"Nani?"

"Mwalimu Shikanga."

Kwa nyuma mtu alikuwa anauliza chaja. Akamwambia asubiri, kisha akarudi kwangu: "Mwalimu, niko na kastoma. Sema."

Nikasema nimesahau neno. Nikaeleza muhuri, mitihani, Jumatano. Nilieleza yote isipokuwa lile moja. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Uko mgonjwa?"

"Niko mgonjwa."

"Neno ninalo. Nitalileta mwenyewe. Na huyo Tracy awe hapo."

Kwetu, siku ya kunyolewa nywele baada ya mazishi, wazee huuliza mbele ya watu: nani ana neno na marehemu? Siku zote nilifikiri naogopa Navalayo asije akasimama. Leo nimejua ninachoogopa zaidi. Kwamba asije kabisa, na waliopo waseme, mzee hakuwa na neno na mtu.

Jumatatu, 17 Novemba

Amefika saa nne kwa bodaboda, ana tope mpaka magotini. Mvi zimeanza. Alipangusa viatu kwenye gunia la mlangoni, akampa Dorothy ndizi, akanisalimu kwa mikono miwili kama mtu anavyomsalimu mwalimu wake. Afadhali angenitukana.

Dorothy akamwuliza kama alikuwa mwanafunzi wangu. "Alinifundisha mengi," akajibu.

Hakunywa chai. Akavuta kiti mpaka kitandani, akaweka laptopu kwenye magoti yangu, akafungua faili la watunzi. Nilifikiri ataandika neno. Akaiondoa mikono yake.

"Mwalimu, neno nitaliandika. Lakini kwanza wasomee hawa kilichoandikwa hapo. Halafu uwaambie kilikuwa kimeandikwa nini."

Tracy anamwangalia yeye, kisha mimi. Dorothy amezima redio. "Baba? Ni nini hicho?"

Nimeomba daftari langu kwanza. Navalayo ndiye aliyenipa, na kalamu. "Andika, Mwalimu," amesema. "Mimi sina haraka."

Faili lina mstari mmoja. Dorothy ameketi kwenye ukingo wa kitanda, ameushika mkono wangu wa kushoto, ule usioandika, na hajauachilia bado. Naanza kusoma