Amplifaya ya Mzee Mshamu

Bagamoyo,
Jumatano asubuhi

Mpenzi Mama Yusta,

Kama barua hii imekukuta jikoni, ipua kwanza sufuria ndipo uisome, maana ni ndefu na ina mambo mengi. Natumaini wewe na watoto hamjambo, na kile kikohozi cha Yusta kimekwisha. Mguu wa baba unaendeleaje? Mahindi mmeshayapalilia? Mimi mzima, isipokuwa vidole viwili vya mkono wa kushoto vimeungua. Usishtuke, vinapona. Nitakueleza vilivyoungua.

Mara mbili sasa umeniuliza nitakuchukua lini kutoka huko Songea. Sikukujibu kwa sababu sikuwa na la kujibu. Chumba ninacholala hapa Bagamoyo nakigawana na mpiga ngoma na mpuliza tarumbeta, na hapo si mahali pa kumleta mke na watoto. Nilichokuwa nakingoja ni nafasi katika bendi ya Dar es Salaam. Jumapili iliyopita nafasi hiyo ilikuja, ikataka kuniponyoka, na kisa ni ile amplifaya.

Nimeshawahi kukutajia Mzee Mshamu, mwenye bendi yetu. Ni mtu wa hapa hapa mjini, mpole, anaswali swala zake zote, na ana kitu kimoja anachokipenda kuliko sisi sote. Ni sanduku la kukuzia sauti ya gitaa, zito kama gunia la mahindi, la zamani, lenye taa za kioo ndani kama zile za redio kubwa ya mwalimu mkuu. Ukiliwasha halitoi sauti. Lazima taa zipate moto kwanza, na sisi tunasimama mbele ya watu tukiwa tumeshika vyombo kama tunaopigwa picha. Hewa ya chumvi ya hapa inakula vikalio vya taa, kwa hiyo kila wiki mimi ndiye ninayekwangua kutu kwa wembe. Likikasirika linapiga shoti. Mwimbaji wetu anavaa suti na tai, na miguuni kandambili, ili umeme usimwangushe. Nimemwambia Mzee mara ngapi sijui kwamba siku hizi kuna amplifaya ndogo zisizo na taa, mtu anabeba kwa mkono mmoja. Jibu lake ni lile lile: "Zile zinapiga kelele, mwanangu. Hii inaimba." Halafu anaifuta vumbi kwa kanga.

Basi, tuliitwa kupiga dansi la mchana Chalinze, kwenye hoteli ya mama mmoja anayeitwa Mama Hidaya, mwenye jenereta yake. Nikapata habari kwamba Bwana Kondo, kiongozi wa bendi moja ya Dar, atapita siku hiyo na basi akitoka Morogoro, na atashuka kunisikiliza, kwa kuwa mpiga solo wake amemwacha. Mpiga solo wa bendi ile anapewa na chumba cha familia. Unaelewa, Mama Yusta, nilivyolala wiki ile.

Tuliondoka na lori asubuhi. Mzee aliitandikia amplifaya godoro la sufi. Sisi tulikaa kwenye mbao. Tulipofika Vigwaza gurudumu likatumbukia shimoni, lori likaruka, nasi tukasikia kitu kikilia ndani ya sanduku. Mzee akalifungua mgongoni pale pale barabarani. Taa moja kubwa imepata ufa na kugeuka nyeupe kama maziwa. Hatukuwa na nyingine, na vifaa hivyo siku hizi haviingii nchini. Nilikaa kando ya barabara. Mzee alifunga sanduku, akapanda, akatuambia tupande.

Chalinze nilipoingia hotelini kitu cha kwanza kuona ni redio kubwa ya mbao juu ya kaunta. Nikamwomba mwenyewe nichungulie ndani. Nikaikuta: taa ile ile, hata maandishi yake ni yale yale.

"Shikamoo mama," nikamwambia, "naomba utuazime hii mpaka dansi liishe."

"Marahaba. Mpaka saa kumi tu," akasema Mama Hidaya. "Saa kumi kuna mpira, na wateja wangu wanatoka mpaka mashambani kuja kuusikiliza."

Nilikubali. Ningekubali lolote. Tukaweka taa, tukangoja ipate moto, na saa nane tukaanza. Siwezi kukudanganya, ilitoka vizuri. Watu walicheza mpaka vumbi likafunika viatu. Lakini saa tisa ikapita, tisa na nusu ikapita, basi la Morogoro halijaonekana, na wanaume wa mpira wameanza kuingia na kukaa wakitazama redio iliyo kimya.

Basi lilifika nikiwa katikati ya wimbo. Nilimwona Bwana Kondo akishuka, akasimama mlangoni na begi mkononi. Nikasema moyoni, sasa. Nikaanza solo. Na hapo hapo Mama Hidaya akaja mbele ya jukwaa na kitambaa cha jikoni.

"Mwanangu, saa kumi. Nipe taa yangu."

"Bibi, subiri wimbo uishe," Mzee akamsihi.

"Wimbo wenu hauna mwisho. Mpira una mwisho."

Wale wanaume wakaanza kupiga meza. Mzee akazima. Mimi kwa hasira sikungoja kitambaa, nikaingiza mkono nikaing'oa taa ikiwa bado ya moto. Ndivyo vidole vilivyoungua. Dakika chache baadaye redio ikawa inatangaza mpira, na hakuna aliyekumbuka kwamba kulikuwa na bendi.

Nikachukua gitaa hivyo hivyo kavu, bila amplifaya, nikaenda kukaa mezani kwa Bwana Kondo. Nikampigia kila ninachokijua, vidole vinaniwaka, mtangazaji anapaza sauti, watu wanaruka kwa bao. Alinisikiliza mpaka mwisho, nitampa haki yake.

"Mkono wako sina neno nao," akasema. "Lakini nilichokisikia kutoka barabarani, nikiwa bado ndani ya basi, si hiki. Ile ilikuwa amplifaya gani?"

Nikamwonyesha. Akazunguka nyuma, akainama, akazitazama zile taa kama mtu aliyekutana na ndugu. Kisha akamwamkia Mzee shikamoo na kumwambia, "Zetu mpya zinalia kama bati. Taa iliyopasuka nitaitoa kwenye redio yangu ya zamani. Kijana huyu akija nayo, nafasi ni yake, na chumba ni chake. Asipokuja nayo, wapiga gitaa ninao wengine wa kuwasikiliza."

Sikujua nicheke au nilie. Miaka mitatu nabeba sanduku lile mgongoni nikililaani, na mtu ametoka Morogoro kunitazama, akalichagua lenyewe.

Mzee alisema hapana. Alisema kwa adabu, lakini alisema hapana. Wakati wa kurudi nilikaa mbali naye kabisa. Tulipopita Mlandizi akaniita nikakae karibu.

"Anselmi, umenikasirikia."

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nimechoka kuifuata juu ya malori. Hapa hakuna mwingine anayejua inapoumwa. Wewe unaitukana kila siku, lakini ndiye unayeikwangua kutu." Akalipapasa sanduku. "Ichukue. Siiuzi. Nakuazima, na nitakuja kuitazama."

Nilimshika mkono. Nilisikia aibu kwa yote niliyowahi kusema.

Kwa hiyo Jumamosi nahamia Dar. Mkishavuna, njoo na watoto. Nauli nitaituma kwa mkono wa padri. Nisalimie sana baba mkwe na mguu wake, mama mkwe, shemeji yangu fundi cherehani, na dada yangu mkubwa, mwambie sijaacha kanisa.

Nakuonya mapema tu: amplifaya itakaa chumbani kwetu, maana Mzee hataki ilale ukumbini. Usiweke maji juu yake. Watoto wasiiguse ikiwa imewashwa. Na yeye Mzee ameshaniambia atakuja kila Ijumaa baada ya swala, kwa hiyo Ijumaa upike wali wa kutosha, na akikuuliza unaionaje, mwambie inaimba.

Mumeo anayekuwaza,
Anselmi, Baba Yusta