Pamba Ambayo Sikuihisi

Dada, uko? Soma ukiwa peke yako.

Nimekaa kwenye benchi nje ya zahanati. Nilipeleka lile jeraha la sufuria ya moto. Nesi akaona na lile baka jeupe mkononi. Akasema, "Mama, fumba macho. Nikikugusa na pamba, sema."

Nikafumba. Nikasubiri aanze.

"Fumbua, mama. Nimeshamaliza."

Alinigusa mara tano, dada! Mara tano, na mimi nipo tu namsubiri!

Akamwita daktari. Ukoma, ndivyo walivyosema. UKOMA. Mimi nilidhani uliishia kwenye Biblia.

Na nilisimama kanisani nikashuhudia kwamba moto uliniunguza na Mungu hakuniacha nisikie maumivu! Mkapiga vigelegele!

Wanasema unapona kabisa, dawa ni za miezi mingi. Za kwanza nimemeza mbele yao.

Kisha nesi akauliza ni nani huwa karibu nami kila siku. Tangu mume wangu afariki, ni nani mwingine? Nimekutaja wewe.

Nisamehe. Njoo kesho asubuhi upimwe. Ukiogopa kukaa benchi moja na mimi, nitasimama. Lakini njoo.