Korongo Lililopanda Kilima

Tarehe 9 Machi

Kwako Dada,

Salamu nyingi kutoka huku bondeni. Natumaini hujambo, na goti lako nalo halijambo, maana najua ukiulizwa hali utasema "nzima" hata kama unatambaa. Mimi na wifi yako tu wazima. Watoto wanakua na kumaliza viatu.

Usishtuke kupata barua. Simu ipo, lakini kwenye simu unaniuliza nimekula nini, kisha mtandao wa huko kilimani unakatika, na mimi nina jambo linalotaka kusemwa polepole.

Mvua za kwanza zimefika. Kazini kwetu, kwenye mtambo wa kusafisha maji, haya ndiyo majira ya shughuli. Kila asubuhi nachota maji ya mto kwa glasi ndefu, naiweka dirishani na kuitazama, ndipo nijue tutie kiasi gani cha shabu ya kutuliza tope. Siku nyingi maji huwa kama chai ya maziwa tu, udongo wa watu nisiowajua. Jana yalikuja mekundu, yanaelekea zambarau. Nikasimama pale nikasahau nilichofuata. Dada, rangi ile siijui penginepo ila kilimani kwetu. Ndiyo iliyokuwa ikitugombanisha na Mama kila siku ya kufua.

Chembe zilikuwa zinashuka taratibu, nami nikawa kama nimesinzia hali nimesimama. Nikakuona wewe na jembe begani. Nikamwona Baba, nikasikia na harufu ya jikoni. Fundi mwenzangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nimetembelewa na watu wa nyumbani.

Sasa nakuuliza bila kuzunguka. Udongo unaofika hapa ni mwingi mno, si wa kunawa miguu. Kuna nini huko shambani?

Mdogo wako,
Chura


Tarehe 26 Machi

Kwako Chura wangu,

Sijambo. Goti hunisalimia kila nikiinuka, nami hulijibu. Msalimie sana wifi yangu, na hao wamaliza viatu waambie shangazi yao alikua miguu mitupu na vidole anavyo vyote.

Barua yako niliisomea kizingitini. Nilianza kwa kucheka, nikafika katikati sicheki tena.

Unaukumbuka ule mtaro wangu wa mpaka. Baba alipotugawia kilima, nusu yako na nusu yangu, Baba Mdogo alisimama mbele ya watu akasema binti hagawiwi ardhi, binti hugawiwa sufuria. Baba hakubishana naye. Alinyoosha mkono akanipa jembe. Nami nikachimba mtaro kutoka kileleni mpaka mtoni, nimeunyoosha kwa kamba, ili hata asiyeona atumbukie ndani yake ajue kwamba kwangu panaanzia hapo. Wewe ulikuwa unaniletea maji ya kunywa na kunicheka.

Basi, maji yameupenda mtaro ule kuliko nilivyoupenda mimi. Mvua ikinyesha yanakusanyika yote mle, yanashuka mbio, na mtaro umekuwa korongo. Na korongo, mdogo wangu, haliendi yanakoenda maji. Linapanda. Lilianzia mtoni, kila mvua linamega ukingo wa juu, linasogea. Lilipita kwenye migomba. Sasa liko karibu na kichanja cha vyombo, na nyuma ya kichanja ni jikoni, na nyuma ya jikoni ndipo ninapolala. Linakuja bila haraka, kama mtu anayejua njia ya kwao.

Naota ndoto moja tu siku hizi. Kilima kizima kinateremka mtoni na mimi nimelala juu yake, polepole, hakuna kelele. Tunapita chini ya madaraja. Tunafika kwako, nawe umesimama dirishani unanipungia mkono. Ndani ya ndoto siogopi hata kidogo. Naogopa nikiamka.

Dada yako


Tarehe 14 Aprili

Kwako Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta na afya, na korongo limetulia. Sisi tu wazima.

Nilivyosoma ndoto yako sikuweza kula. Nikaenda kumwona mama mmoja wa ofisi ya bonde la mto, ambaye sisi mtamboni tunamwita Mama Mteremko, kwa sababu hata akialikwa harusini huuliza kwanza maji ya pale yanaelekea wapi. Nikamchorea kilima chetu kwenye kiganja. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema mliyapa maji barabara, mnashangaa nini yakisafiri.

Dawa anasema ipo. Mtaro ufukiwe, na korongo likingwe kwa mawe. Kisha yachimbwe matuta ya kukata mteremko, kila tuta likienda sawasawa bila kupanda wala kushuka, na juu yake yapandwe matete. Maji yakifika pale yanakaa, yanazama. Usawa hupimwa kwa fimbo tatu zilizofungwa kama herufi A, jiwe likining'inia katikati kwa uzi. Nimekuchorea upande wa nyuma wa karatasi.

Jambo moja amelisisitiza. Matuta yasikatwe mpakani. Tuta likiishia pale, maji yatarundikana mwishoni mwake na kuchimba korongo jingine. Ni lazima yatoke upande wako yaingie upande wangu moja kwa moja. Kwa hiyo mpaka wenyewe utafutika, lakini mpaka ni kitu gani kati yako na mimi?

Upande wangu analima Baba Mdogo kwa sasa, kwa hiyo nimempigia simu nikamweleza. Amefurahi kuliko nilivyotarajia.

Mdogo wako,
Chura


Tarehe 2 Mei

Kwako mdogo wangu,

Sijambo. Natumaini nanyi hamjambo.

Baba Mdogo amefurahi, na wewe hukujiuliza amefurahia nini. Alikuja hapa, akasimama katikati ya mahindi yangu na mikono nyuma, akasema ni jambo jema, kilima kitakuwa kimoja. Na kilima kimoja, akasema, kina mwenyewe mmoja, naye yuko mjini, na mimi baba yake mdogo ndiye ninayemwangalizia.

Unaniuliza mpaka ni kitu gani kati yako na mimi. Kati yako na mimi si kitu. Lakini wewe hukuhitaji kuchimba mtaro ndipo watu wakuone ni mtoto wa Baba. Mimi nilihitaji. Siku Baba alipozikwa, wakubwa walikuja na maneno yao, nikawachukua mpaka ukingoni, wakatazama chini, wakarudi nyumbani. Huo mtaro ndio uliosema. Mimi sikufungua mdomo.

Liache korongo lije. Lenyewe angalau linajua upande wangu ni upi.

Dada yako


Tarehe 21 Juni

Kwako Dada,

Shikamoo. Barua niliyokuandikia mwezi uliopita hukuijibu, na simu inaita mpaka inachoka. Nimeuliza kwa mwuza duka wa njia panda, ameniambia u mzima na umenunua chumvi. Nimeshukuru kwa hiyo chumvi.

Yale maneno yako yamenikaa kifuani. Niliona maji, sikukuona wewe.

Juzi tulifungulia tangi la kutulizia maji ili tulisafishe. Maji yalipokwisha, sakafu yote ilikuwa tope laini la rangi ya nyumbani, limetulia, halina hata unyayo. Wenzangu walikuwa wanasubiri na makoleo, nami nikawaomba wangoje kidogo. Nilijiona nimesimama kwenye ukingo wa shamba letu, ila limelala, na mahindi hayapo. Nilifikiri nikishuka nikaanza kulima litaota. Kisha msimamizi akapiga mluzi, tukaingia, tukalikokota nje kwa toroli na kulimwaga. Nilifanya kazi ile siku nzima nikiwa na huzuni ya kijinga, kwa maana kila toroli nilijua limetoka mlangoni kwako.

Nije? Naweza kuomba ruhusa. Nitasimama mbele ya Baba Mdogo na ukoo mzima niseme nusu ya kilima ni yako, wasikie kwa masikio yao. Sema neno moja tu.

Mdogo wako,
Chura


Tarehe 17 Agosti

Kwako Chura,

Marahaba. Mimi mzima, na nyumba bado imesimama, ila kichanja cha vyombo hakipo. Kiliondoka na mvua ya mwisho, chote kwa pamoja, na sufuria juu yake. Zile ambazo Baba Mdogo alisema ndizo fungu langu. Ukiziona zinapita hapo mtamboni kwenu, zikamate.

Nilipoamka na kukuta shimo mahali nilipokuwa naanika sahani, nilikaa jikoni nikawaza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi hata pa kujengea ukuta patakuwa hapapo. Nikajiambia, naung'ang'ania mpaka hadi uje kunimeza, halafu Baba Mdogo atarithi pande zote mbili za shimo.

Basi nimefukia. Mawe chini, udongo juu. Jembe lilikuwa zito kuliko siku ile niliyochimba. Nilipofika mahali ambapo Baba alikuwa anakaa kunitazama, nililia, na sikuona haya kwa kuwa hapakuwa na mtu.

Fimbo zako tatu nimezifunga. Asubuhi na ukungu natoka nazo, natembeza mguu mmoja baada ya mwingine, jiwe likitulia katikati napigilia kigingi. Mdogo wangu, sikujua kilima hiki kina umbo gani. Miaka yote nimekilima juu chini, juu chini. Sasa mstari unanishika mkono unanizungusha, unapita kwangu, unaingia kwako, unarudi, na kwenye ukungu kuna wakati sijui niko kwa nani wala nina umri gani. Majirani wanasema matuta yangu yamepinda kama njia ya mlevi. Nimewaambia walau mlevi huyu hakimbii. Pingili za matete nimezichomeka mstari mzima, zinangoja mvua.

Kuhusu kuja, usije. Ukinisemea wewe, nitakuwa na shamba kwa sababu mwanamume amesema. Na siku ukinyamaza je? Mwambie Baba Mdogo mistari ipite upande wako, usiongeze neno.

Lakini nitakuambia ukweli, ninaogopa. Nikisimama mlangoni naona kilima tu. Hakuna kitu kinachosema hapa ni kwangu.

Dada yako


Tarehe 5 Oktoba

Kwako Dada,

Shikamoo. Wote tu wazima, na wifi yako amekununulia sufuria mbili, ila ameniapisha nisikuambie.

Nimemwambia Baba Mdogo mistari ipite, nikakata simu kabla ulimi haujaniponyoka. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba tope.

Tangu asubuhi kuna wingu kubwa jeusi limekaa upande wenu. Naliona kutoka dirishani pangu kazini. Mama Mteremko alipita, akalitazama na yeye, akaniambia mvua ya kwanza ndiyo mtihani, kwa sababu matete bado hayajashika mizizi. Sijui niiombee ije au niikatae. Natamani kuwa huko nimelala kifudifudi juu ya tuta moja, nizuie kwa tumbo.

Mdogo wako,
Chura


Tarehe 28 Novemba

Kwako Chura wangu,

Marahaba. Sijambo kabisa, hata goti limesahau kunisalimia. Mwambie wifi yangu sufuria sijaambiwa, na nazisubiri.

Mvua ilikuja, na haikuja kwa adabu. Nilitoka nje nikasimama shambani nimejifunika gunia, nikasikiliza. Nilikuwa nangoja ule mngurumo wa korongo ambao ninaujua kama sauti ya mtu. Haukuja. Maji yalifika kwenye tuta la kwanza, yakasita, yakasambaa kwenda pembeni kwa utulivu, yakakaa. Kilima chote kikawa na vioo virefu vyembamba, na mbingu ndani yake. Tuta moja la chini lilibomoka, nikaliziba kwa mikono. Mengine yalisimama. Kulipopambazuka vioo vilikuwa vimekwisha kunywewa, na mimi nilikuwa ndani nimelala na nguo mbichi, sikuota chochote.

Sijui kama huko kwenu maji yamekuwa meupe. Mto ni mrefu na watu ni wengi. Ila wawili wa hapa jirani, miongoni mwa walionicheka, wameazima zile fimbo na hawajazirudisha.

Sasa nisikilize. Shamba la Baba Mdogo mwenyewe, lile la ng'ambo ya mto, lilizolewa mbegu zote. Jana nilikuwa napalilia, nikasikia hodi. Nikadhani ni mgeni wa mbali, maana unamjua Baba Mdogo. Tangu tukiwa watoto hukata katikati ya mazao yetu kama anayepita barabarani, akivunja mahindi na kutema mate. Nikainua kichwa. Alikuwa amekuja kwa upande wako, kofia iko mkononi, na amesimama pale pale ulipokuwa mtaro. Hakuna kitu pale cha kumwonyesha. Majani yameota, upande wako na wangu rangi ni moja. Lakini miguu yake ilikuwa imegoma pale, haivuki.

Akasema, "Mwanangu, naomba pingili za matete kidogo, kama mwenyewe unaruhusu."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nilimwacha asimame kidogo. Halafu nikamwambia karibu, pita.

Dada yako